Freddie Hakusema: Wahakiki, Watazamaji na Sinema ya "Bohemian Rhapsody"

Kuna sinema ambazo ukizisifu mbele ya wajuaji unaonekana mshamba, na ukiziponda mbele ya washkaji unaonekana unajidai. "Bohemian Rhapsody" ni ya namna hiyo. Ilitoka mwaka 2018, inahusu maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, na tangu itoke watu wamegawanyika makundi mawili ambayo hayasikilizani. Wahakiki wengi wa magazeti ya Ulaya na Marekani waliipokea kwa kununa. Watazamaji wakaipokea kwa kuimba. Mimi nimewasoma hao na nimekaa na hawa, na naona wote wamelipita jambo lenyewe kwa pembeni.

Kwanza niseme nilivyoiona. Sikuiona kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Niliiona kwenye kibanda umiza huku kwetu Temeke, siku ambayo mwenye kibanda alikuwa ametangaza sinema ya kivita. Flashi ikagoma, akachomeka nyingine, ikatokea hii. Watu wakaguna. Jamaa mmoja wa mbele akasimama kudai hela yake. Mwenye kibanda akajitetea kwamba huyu bwana mwenye meno ni Mzanzibari, mpeni dakika kumi tu. Tukampa. Hakukuwa na DJ wa kututafsiria juu ya picha kama tulivyozoea, kwa hiyo nusu ya maneno yalitupita hewani. Lakini lilipofika onyesho la mwisho, lile la uwanja wa Wembley, kibanda kizima kilinyamaza, na yule yule aliyekuwa akidai hela yake alisimama tena, safari hii ameinua mikono juu pamoja na umati wa kwenye skrini. Kiingereza chake hakizidi cha kuombea soda.

Nalitaja hili mapema kwa sababu mhakiki asiyeweza kueleza kwa nini mikono ya yule jamaa ilikwenda juu, huyo kwangu hajamaliza kazi.

Sasa turudi kwa wahakiki wenyewe. Ukikusanya maandishi yao, karibu 60 tu katika kila 100 ndio walioipitisha sinema hii, na wengi kati ya hao waliipitisha kwa shingo upande, wakimsifia Rami Malek aliyeigiza Freddie na kuiacha sinema yenyewe ijitetee. Lakini mapato yalizidi dola milioni 900 duniani kote, kwa sinema ambayo haikugharimu hata dola milioni 60. Januari 2019 Marekani wakatoa nakala yenye maneno ya nyimbo kwenye skrini, watu waingie ukumbini waimbe. Mwezi huo huo ikapata tuzo ya Golden Globe ya sinema bora ya drama, na Februari ikaondoka na Oscar nne: ya Malek, ya uhariri, na mbili za sauti. Hapo ndipo wahakiki walipopandwa na mori. Kipande kimoja ambapo bendi inakutana na meneja wake mpya kwenye baa, picha ikiruka kutoka uso hadi uso kama mtu anayefukuza nzi, kilisambazwa kama ushahidi kwamba Oscar ya uhariri imetolewa kwa mzaha. Mhariri John Ottman mwenyewe alikiri kipande kile kinamuumiza kukitazama. Muungwana. Mtu apokee tuzo, kisha aonyeshe mwenyewe mahali alipokosea! Kwetu huku mwandishi akipata tuzo ya kata tu hasalimii watu.

Niseme pia, ili tuwe wa haki, kwamba sinema hii ilizaliwa kwa taabu. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba Freddie ataigizwa na Sacha Baron Cohen, na mwaka 2013 akajitoa, kwa sababu yeye na wenye bendi hawakukubaliana sinema iwe ya namna gani. Muongozaji Bryan Singer alifukuzwa Desemba 2017 kazi ikiwa haijaisha, baada ya kutoonekana kwenye eneo la kupigia picha, na Dexter Fletcher akaitwa kuimalizia. Jina la Singer likabaki kama muongozaji. Januari 2019 zikachapishwa tuhuma nzito za kuwadhalilisha vijana wadogo, ambazo amezikana, na katika msimu ule wa tuzo wengi walikwepa hata kulitamka jina lake. Na juu ya yote, Brian May na Roger Taylor, wapiga gita na ngoma wa Queen, walikuwa ndani ya kazi tangu mwanzo. Wahakiki walilipigia kelele hili na hawakukosea. Mwenzako akifa halafu wewe ndiye ukasimamia hadithi yake, utajikuta kwenye hadithi hiyo wewe ni mtu mwema, una mke na watoto, unawahi nyumbani, na kila wazo zuri la wimbo lilipitia kwako. Tazama sinema hii tena uone kama nasingizia.

Huyu stelingi ni wa kwetu kiasi gani? Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi waliotoka India. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha wa mahakama katika serikali ya kikoloni. Mtoto akiwa na miaka minane hivi alipakiwa melini kupelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikojifunza piano na kuanzisha bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja 1963. Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na mwaka huo familia ikaondoka kwenda Uingereza, ikatua Feltham, pembeni ya London. Kijana alikuwa na miaka 17.

Sinema haina onyesho hata moja linalotokea Unguja. Tunamkuta Freddie mwaka 1970 akipakua mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, anatukanwa kwamba ni Mpakistani, anajibu kwamba hatoki Pakistani, basi. Kwetu tumetajwa kwa maneno machache nyumbani kwa wazazi wake, kisha anakwenda kutafuta jina. Baadhi ya wahakiki wenye asili ya Kiasia walilalamika kwamba Uparsi wake umefanywa kama shati la kuvuliwa. Nakubaliana nao, ila sitaki tujitie uchungu kuliko mfiwa. Yeye mwenyewe alikuwa mzito kuizungumzia Unguja, na Unguja nayo ilikuwa nzito kumzungumzia yeye. Mwaka 2006 palipangwa sherehe Zanzibar ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe. Kundi la Uamsho likapinga kwa sababu ya maisha yake na mapenzi yake kwa wanaume, na sherehe ikafutwa. Novemba 2019, mwaka mmoja baada ya sinema, ndipo jumba la makumbusho yake likafunguliwa pale Shangani. Nina binamu yangu anayetembeza watalii Mji Mkongwe. Ananiambia kabla ya hapo nyumba aliyokaa Freddie ilikuwa zaidi ya moja, inategemea umesimama wapi na mgeni ana haraka kiasi gani. Nikamuuliza kama hasikii vibaya kudanganya. Akasema, "Mgeni hakufuata ukuta, kafuata hadithi. Na mimi simdanganyi kitu kinachomuumiza mtu."

Kauli hiyo ya binamu nimeitumia kama rula yangu kuipimia sinema nzima.

Maana malalamiko makubwa ya wahakiki yalikuwa hayo hayo: sinema inadanganya. Wakaorodhesha. Wimbo wa 1978 unapigwa kwenye ziara ya 1974. Ule wa kupiga miguu na makofi, uliotoka 1977, kwenye sinema unatungwa Freddie akiwa tayari ana masharubu ya miaka ya 1980. Mkubwa wa kampuni ya rekodi anayeukataa wimbo wa "Bohemian Rhapsody", aliyeigizwa na Mike Myers, ni mtu wa kubuni. Bendi inaonyeshwa imevunjika kwa sababu Freddie alikwenda kurekodi peke yake, wakati ukweli ni kwamba Roger Taylor alitoa albamu yake peke yake tangu 1981, na mwanzoni mwa 1985 Queen walikuwa pamoja jukwaani Rio de Janeiro mbele ya bahari ya watu. Hawakuwa wamesahau hata nati moja. Jim Hutton, mpenzi wake wa mwisho, kwenye sinema ni mhudumu aliyekuja kuhudumia sherehe. Mtu mwenyewe alikuwa kinyozi.

Mimi orodha hii hainisumbui sana. Naandika riwaya, au najaribu. Nimemaliza kidato cha nne, sina cheti kingine, na nilichojifunza kuhusu hadithi nimejifunza kwa kusoma vitabu vya kuazima na kukaa na watu wazima wakiongea. Najua hadithi haiwezi kubeba kila tarehe. Ukitaka tarehe zote nenda kwa karani wa vizazi na vifo. Kinyozi akiwa mhudumu hakuna aliyenyang'anywa kitu. Wimbo ukivutwa miaka minne nyuma, ni sawa na nyumba ya binamu yangu: mgeni amepata ukuta wa kupigia picha, na Freddie hakupungukiwa.

Ila kuna uongo mwingine ndani yake unaopunguza mtu.

Mmoja ni wa adui. Kila sinema ya kibanda ina stelingi na adui, na adui wa sinema hii ni Paul Prenter, aliyekuwa msaidizi wa Freddie. Yeye ndiye anayemtenga na wenzake, anamtumbukiza kwenye starehe, anamficha simu, kisha anakwenda kumchoma kwenye vyombo vya habari. Kwamba Prenter aliuza habari za Freddie magazetini baada ya kuachishwa kazi, hilo lilitokea. Lakini sinema imemtwisha mtu mmoja kila kibaya, na mtu huyo alifariki 1991, mwaka ule ule aliokufa Freddie, kwa ugonjwa ule ule. Hana pa kujibia. Wahakiki wengi, hasa wale ambao wenyewe ni watu wa mapenzi ya jinsia moja, waliandika kwamba sinema imegawa dunia mara mbili: upande wa kumbi za usiku wenye giza, ngozi na balaa, na upande wa bendi wenye taa, wake na supu. Freddie anapotea upande ule, anaokolewa na upande huu. Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mtasema sinema ilionyesha mengi mno, na wao wanasema ilionyesha machache mno. Tusigombane. Hata wewe usiyetaka kuyaona kabisa mambo hayo, kama ni mwandishi, jiulize: tabia nzima ya mtu unaweza kumning'iniza mwenzake kama koti? Freddie yule wa kwenye sinema hatendi kosa lake mwenyewe, anafanyiwa. Na stelingi anayefanyiwa kila kitu hana tofauti na mzigo.

Mwingine ni wa ugonjwa, na huu ndio ulionifanya nichukue kalamu.

Katika sinema, Freddie anapimwa, anaambiwa ana virusi, kisha kabla ya tamasha la Live Aid, lililofanyika Wembley tarehe 13 Julai 1985, anawaambia wenzake kwenye mazoezi. Wanakumbatiana. Anakwenda kwa wazazi, baba yake mkali anamkumbatia naye, wanakumbushana mafunzo ya dini yao ya mawazo mema, maneno mema na matendo mema. Halafu anapanda jukwaani na kuimba kama mtu anayeaga. Machozi tayari yameandaliwa, wewe kazi yako kuyatoa.

Kwa maelezo ya Jim Hutton aliyekuwa akiishi naye, Freddie alipata majibu yake 1987. Miaka miwili baada ya Wembley. Kwa hiyo mtu aliyesimama mbele ya watu 72,000 kwa dakika kama 21, akawachezesha kwa kiganja kama mwalimu wa chekechea, hakuwa akiaga. Alikuwa mwimbaji aliyekuwa kazini, basi, na alikuwa hodari kuliko wote waliopanda siku ile. Wahakiki waliliandika kosa hili la tarehe, wengi wakalichukia, wakasema ni kuutumia Ukimwi kama pilipili ya kuongezea ladha. Sawa. Lakini walilihesabu kama moja katika orodha, pamoja na masharubu na ziara ya 1974. Mimi naona lilistahili makala yake peke yake, kwa sababu kilichofutwa hapo ni kikubwa kuliko tarehe. Kilichofutwa ni ukimya.

Freddie hakusema. Kuanzia 1987 alijua, na dunia ilikuwa inauliza. Magazeti ya London yalimvizia nje ya lango lake. Alikonda mbele ya kamera, akajipaka vipodozi, akakanusha, akaendelea kurekodi. Albamu ya "Innuendo" ilitoka mapema 1991, na Mei mwaka huo akapigwa picha yake ya mwisho ya video, amekonda kiasi kwamba ilibidi wampige kwa rangi nyeusi na nyeupe. Novemba 23 ndipo tangazo lake likatoka kwamba ana Ukimwi. Kesho yake, Novemba 24, 1991, akafa nyumbani kwake Kensington, na miaka 45. Miaka minne ya kubana meno, na siku moja ya kusema. Wewe mwandishi kijana, uliyekaa hapo unatafuta kisa cha riwaya, kuna kisa gani zaidi ya hicho? Mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote wa zama zake, na neno moja halitoki.

Sinema ilimaliza hadithi 1985 ili isikutane na miaka hiyo. Kisha ikauchukua ugonjwa wa miaka hiyo na kuuleta nyuma, bila ukimya wake. Wamekula mayai na kuku wakamwacha.

Na ajabu ni kwamba kuna mahali walikuwa wameshika kitu chenyewe mkononi. Freddie anatoka kwa daktari, anapita kwenye kiambaza cha hospitali. Kijana mgonjwa amekaa pale, alama za ugonjwa usoni, anamtambua. Anamwitia kwa sauti ndogo ule mwito anaouitaga jukwaani. Freddie anageuka, anamwitikia taratibu, anaondoka. Hakuna aliyesema kitu na wote wawili wamejua kila kitu. Kwenye kibanda watu waliokuwa wanatafuna karanga waliacha. Nilidhani sinema sasa ndiyo inaanza. Kumbe onyesho lililofuata la mazoezi likatangaza yote kwa mdomo, na ile karanga ya jirani yangu ikaendelea.

Hapa itabidi nijitoe mhanga. Riwaya ninayoiandika inamhusu mjomba wangu, kaka wa mama, aliyepiga gita la solo katika bendi za dansi za Dar es Salaam. Alikufa 2003, mimi nikiwa mdogo wa kubebwa. Namkumbuka harufu ya sigara na vidole vyenye sugu, hayo tu. Sura ya kumi na moja nilimwandikia mjomba usiku wa mwisho: bendi inapiga, ukumbi umejaa, anasimamisha muziki katikati, anashika maikrofoni na kuwaambia mashabiki anaumwa nini. Watu wanalia. Anapiga solo ya mwisho, waya wa gita unakatika. Niliipenda sura ile jamani. Niliisoma kwa sauti peke yangu na nikajisikia machozi.

Nikamsomea mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akakaa kimya, kisha akasema, "Nani alikwambia alisema?" Nikamwambia ni riwaya, mama, mambo ya kubuni. Akasema, "Hakusema. Mimi nilikuwa namwogesha na hakuniambia mimi. Alisema malaria, halafu akasema vidonda vya tumbo, halafu akaacha kusema. Kuna siku alinitazama tu. Wewe umemfanya kama mtu wa kwenye sinema."

Mama hajawahi kuiona "Bohemian Rhapsody". Mimi nilikuwa nimeiona miezi miwili kabla, na sikujua kama nimeiiba mpaka pale.

Ndiyo maana nasema uongo huu unapunguza mtu. Katika nyumba zetu, tangu wagonjwa wa kwanza watangazwe Kagera mwaka 1983, Ukimwi ulikuja na ukimya wake. Ukimya ule ulikuwa na kazi: ulilinda jina, ulilinda watoto, ulilinda posho ya bendi, na pia uliua. Kuna waliouvunja. Philly Lutaaya wa Uganda alijitangaza 1989, akapita mashuleni na makanisani akiongea na kuimba kuhusu hali yake, akafa Desemba mwaka ule ule. Ushujaa wa Lutaaya unaonekana kwa sababu tunajua kimya kilichokuwa kimewazunguka wenzake. Ukimpa Freddie tangazo la kubuni la 1985, umemwibia Lutaaya pia. Umefanya kusema kuwe kitu chepesi, cha dakika tatu, chenye kukumbatiana mwishoni. Mtu akitazama atamwuliza marehemu wake moyoni: wewe ulishindwa nini?

Nimewasikia wanaosema, acheni hizo, ni burudani, sinema ya muziki haiwezi kuwa matanga. Nawajibu kwa mfano wa jirani yake. Mwaka 2019 ilitoka "Rocketman", inayohusu Elton John, mwingine wa manyoya na miwani mikubwa, na iliongozwa na huyo huyo Dexter Fletcher aliyeitwa kumalizia kazi ya Singer. Ile inadanganya waziwazi tangu dakika ya kwanza. Elton anaingia kwenye kikao cha waraibu amevaa vazi la shetani lenye mabawa. Kwenye ukumbi wa Troubadour mwaka 1970 anapiga wimbo ambao haukuwa umetungwa bado, na watu wote ukumbini wananyanyuka sakafuni na kuelea. Nani atakuja kulalamika kuhusu tarehe wakati watu wanaelea? Nyimbo zimetawanywa humo kufuatana na maumivu yake, kalenda haikuulizwa, na Taron Egerton anaimba kwa koo lake mwenyewe. Na makosa ya Elton ni ya Elton: ulevi wake, dawa zake, hasira zake, haya yote amekaa kwenye kiti anayasimulia yeye. Wahakiki waliipenda, karibu 90 katika kila 100. Mapato hayakufika hata robo ya yale ya Freddie. Elton alikuwa hai wakati sinema inatengenezwa na aliruhusu aonekane mbaya. Freddie aliachiwa marafiki, na marafiki walitaka aonekane ametulia.

Sasa nirudi kwa mikono ya yule jamaa wa kibandani, maana niliahidi. Ilikwenda juu kwa nini? Wahakiki wengi waliandika kwamba onyesho la Wembley ni mwigo tu, hatua kwa hatua, wa kitu ambacho mtu anaweza kukitazama chenyewe kwenye mkanda wa 1985. Ni kweli Malek ameiga kila kitu mpaka namna ya kushika kijiti cha maikrofoni, na sauti unayoisikia kwa sehemu kubwa ni ya Freddie, imechanganywa na ya Marc Martel, mwimbaji wa Kanada, na kidogo ya Malek. Ni kweli pia nyimbo mbili za siku ile ziliachwa nje. Lakini yule jamaa hajawahi kuuona mkanda wa 1985. Alichokiona ni mtu mwembamba, mwenye meno ya kuchekesha na jina alilojipa mwenyewe, aliyekuwa akipakua mizigo ya wengine, sasa ana uwanja mzima kiganjani. Malek, mtoto wa wahamiaji kutoka Misri, alilisema jambo hilo alipopokea Oscar yake. Sinema ilipoacha kumsingizia Freddie ugonjwa na ikamwacha aimbe, ilimpata. Yule jamaa hakuinua mikono kwa ajili ya virusi, alikuwa hajaelewa hata hayo maneno ya mazoezini, yalikuwa ya Kiingereza. Aliinua kwa ajili ya kazi. Onyesho lilimshika bila ule uongo. Na kama lilimshika yeye bila uongo, uongo ulikuwa wa nini?

Kuna neno moja la Kiarabu ndani ya ule wimbo wa 1975 uliobeba jina la sinema. Kila mtoto wa pwani hulitamka kabla ya kupeleka tonge mdomoni. Sijui wahakiki wangapi walisimama hapo. Pale kibandani lilipotoka kwenye spika, watu wanne watano walicheka kwa mshangao na mmoja akaitikia kabisa. Kwa sekunde ile Unguja ilikuwamo kwenye sinema, bila muongozaji kujua.

Sura ya kumi na moja nimeichana. Naiandika upya na sasa inakwenda polepole sana, kurasa sita na mjomba bado yupo nyuma ya jukwaa anabadilisha waya wa gita. Mpiga besi amemuuliza anaendeleaje. Mama ananiuliza kila jioni amejibu nini, namwambia bado anafunga waya.